Profesa Asiyemaliza Kitabu

Kama mwanahistoria wa Marekani Frederick Jackson Turner angekuwa mhadhiri kijana leo, sidhani kama mkataba wake ungehuishwa. Katika maisha yake yote, 1861 hadi 1932, alitoa vitabu viwili tu vya kuhesabika, na kimoja ni mkusanyiko wa insha zake za zamani. Wachapishaji walisaini naye mikataba, wakamkumbusha kwa barua, wakachoka. Kitabu kilichomtesa zaidi, kuhusu Marekani ya miaka ya 1830 hadi 1850, kilitoka 1935, mwenyewe akiwa kaburini mwaka wa tatu. Hata tuzo ya Pulitzer, ya 1933, ilimkuta keshafariki. Pamoja na hayo yote, hakuna anayefundisha historia ya Marekani ya Magharibi bila kumtaja, awe anamsifu au anamponda.

Nimemkumbuka kwa sababu kila nikizungumza na vijana wanaotaka kubobea kwenye historia ya mazingira, yaani jinsi watu na nchi wanayoishi walivyobadilishana, hofu ni ileile: makala ngapi, kwenye jarida gani, kabla mkataba haujaisha. Msimamo wangu ni kwamba taaluma hii ikiendelea kupimwa kwa idadi ya machapisho, itabaki jina tu. Lakini simtetei Turner kwa kila kitu. Uzito wake wa kuandika haukuwa tatizo kubwa. Tatizo ni lile jambo moja alilolisema mapema mno.

Ilikuwa Julai 1893, jijini Chicago, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia. Turner ana miaka 31, na anatoa mhadhara. Taarifa ya sensa ya 1890 ilikuwa imesema kwamba mstari wa mpaka wa makazi ya walowezi hauwezi tena kuchorwa kwenye ramani. Yeye akaichukua kauli hiyo ya maofisa wa sensa akaijengea nadharia nzima: kuwapo kwa ardhi ya bure, na walowezi kuisogelea hatua kwa hatua kuelekea magharibi, ndiko kulikoiumba Marekani.

Ardhi ya bure! Desemba ya mwaka uleule wa sensa, wanajeshi waliwaua Walakota, wenyeji wa asili, zaidi ya mia mbili pale Wounded Knee, wanawake na watoto wakiwamo. Wala Turner hawezi kusingizia kutojua. Tasnifu yake ya uzamivu ilihusu biashara na wenyeji wa asili wa Wisconsin. Alizaliwa na kukulia Portage, katika jimbo hilohilo, na majira ya baridi ya 1873 kuingia 1874 serikali iliwahamisha Waho-Chunk, wenyeji wa asili wa huko, kwa nguvu kutoka Wisconsin hadi Nebraska. Alikuwa na miaka 12. Wengi wao walirudi kwao, serikali ipende isipende. Habari hizo zote alikuwa nazo karibu, ila hazikupata nafasi ndani ya mhadhara wake, kwa sababu zingeuharibia mwendo.

Kuna ushahidi ambao haumruhusu mtu kwenda mbio namna ile. Kuanzia 1785 sheria ya Marekani ilitaka ardhi ya serikali ipimwe kabla ya kuuzwa, ikatwe viraba vya maili moja kwa maili moja, ekari 640 kila kimoja. Mpima ardhi akifika kwenye kona ya kiraba hupiga kigingi, kisha huchagua miti iliyo karibu, huichonga alama, na kuandika daftarini: mti wa aina gani, unene wake, uko upande gani wa kigingi na kwa umbali gani. Shabaha yake ni ndogo tu. Kigingi kikioza au kikang'olewa na jirani mjanja, kona iweze kupatikana. Hakuwa anaandika historia hata kidogo.

Lakini kusanya maelfu ya kona hizo uzipange kwenye ramani, utaona nchi ilivyokuwa kabla ya plau. Huku misonobari imesongamana. Kule mialoni imesimama mmoja mmoja katikati ya nyasi, na mialoni haikai hivyo pasipo moto wa mara kwa mara. Sehemu kubwa ya moto huo uliwashwa na watu, wenyeji walioitunza nchi kwa ajili ya mawindo na mapito yao. Hiyo ndiyo iliyoitwa ardhi ya bure. Wisconsin ilianza kupimwa miaka ya 1830, kwa hiyo madaftari yaliyomkanusha Turner yalikuwapo kabla hajazaliwa.

Shida ni kwamba kazi hiyo haina njia ya mkato. Mwandiko unasumbua, mpima huyu anauita mti jina moja na mwenzake jingine, na walikuwapo waliobuni vipimo wakiwa wamekaa hemani. Mtu anaweza kufanya kazi mwaka mzima akapata ramani moja nzuri. Ramani hiyo kamati ya kupandisha vyeo itaihesabu kama nini?

William Cronon, mwanahistoria wa mazingira ambaye kwa miaka mingi alishika uprofesa wenye jina la Turner huko Wisconsin, alitoa kitabu chake cha kwanza 1983 na cha pili, kuhusu Chicago, 1991. Katikati ni miaka minane. Kwa kitabu hicho cha pili aliingia kwenye mafaili ya mahakama ya watu waliofilisika miaka ya 1870. Ni karatasi zinazosinzisha, ila aliyefilisika lazima ataje wanaomdai, wale anaowadai yeye, na kila mmoja yuko wapi. Madeni hayo yakichorwa kwenye ramani, unaona mikopo ya Chicago imefika hadi maduka ya vijiji vya mbali kabisa. Hapo nadharia ya Turner inapinduka. Si kwamba mlowezi alitangulia na jiji likaja baadaye. Jiji lilikwenda naye, kwa reli na kwa mkopo. Misonobari ya Wisconsin na Michigan ilipitia Chicago ikiwa mbao, ikaenda kujenga nyumba kwenye mbuga zisizo na miti. (Moto wa Chicago wa Oktoba 1871 kila mtu ameusikia. Usiku uleule uliteketea Peshtigo, mji wa wapasua mbao huko Wisconsin, wakafa watu zaidi ya elfu moja, mara kadhaa ya waliokufa Chicago.)

Najua nitakavyojibiwa: subira ni anasa ya aliyekwisha kupata kiti. Ni kweli. Cronon alipewa ufadhili wa MacArthur mwaka 1985, fedha zisizo na masharti, na si kila mtu anabahatika hivyo. Turner naye alilindwa na jina alilolipata kwa hotuba moja, akapokewa Harvard 1910 bila kitabu kikubwa mkononi. Ila hoja hiyo inaniunga mkono. Kama subira inaruhusiwa kwa walioshiba tu, basi maswali magumu tumewaachia wao, na vijana tumewabakishia makala fupi za kujaza wasifu.

Na Turner yuleyule, akiwa darasani, alikuwa na mwendo tofauti kabisa. Alikuwa na wazimu wa ramani. Alichora matokeo ya uchaguzi kaunti kwa kaunti, kisha akayalinganisha na aina za udongo na miamba ya chini. Kwa maoni yangu hiyo ni historia ya mazingira kabla haijapewa jina, na inazidi kwa mbali ule mhadhara wa 1893. Kwenye semina zake walipita wanahistoria kama Carl Becker na Merle Curti. Hakuna safu ya kuyajaza hayo kwenye fomu za tathmini.

Ningependa iwepo. Kijana akiyasoma madaftari ya wapima ardhi wa kaunti tatu, akayasahihisha na kuyaweka wazi ili wengine wayatumie, kazi hiyo ihesabiwe sawa na kitabu, tena ipitiwe na wataalamu kwa ukali uleule wa kitabu. Na mkataba wa kwanza wa mhadhiri wa fani hii uwe mrefu vya kutosha apate kurudi kwenye eneo lake la utafiti mara ya pili, maana mara ya kwanza karibu kila mtu huona kile alichokwenda kukitafuta.