Mwalimu Kala Tambu

Mimi ni mtu wa Pangani, nimelelewa na bibi mla tambuu. Naanza na hilo kwa sababu ndio utetezi wangu wote, sina mwingine.

Nilikuwa najitolea kufundisha hesabu kwenye shule ya misheni huko kisiwa cha New Britain, Papua New Guinea. Asubuhi ni masomo. Mchana vitabu vinafungwa na kila mtu anashika kazi: hawa kwenye matuta ya viazi vitamu, ambavyo kule ni kaukau, wale kugeuza kakao kwenye kichanja cha moshi, wengine kukata majani kwa sarip, binamu yake fyekeo letu. Msipolima kaukau jioni hamli, kwa hiyo magonjwa ya ghafla ya mgongo ni machache kuliko shule nilizosoma mimi.

Neno la kwanza la Tok Pisin, lugha ya kule, nililofundishwa baada ya salamu lilikuwa guria, yaani tetemeko. Kule guria si mzaha. Septemba 1994 ardhi ilianza kutikisika, watu wa Rabaul wakakusanya watoto wakaondoka, na kesho yake volkano za Tavurvur na Vulcan zikalipuka pamoja na kuuzika mji kwa majivu. Hivyo mtoto wa kule akisikia "Guria!" haulizi nani kasema. Anatoka nje. Likumbukeni neno hilo, lina kazi mbele.

Siku hiyo nilikuwa na kikosi cha kufyeka mpaka wa shule. Watoto wameenda kunywa maji kwenye tangi, nimebaki peke yangu, mara naona mipopoo mitatu imejaa mashada. Ule wa katikati umefungwa kuti la mnazi, na kwenye shina kibao kimepigiliwa: TAMBU.

Jamani, machozi yalinilengalenga. Sokoni nilishajua kwamba popoo ni buai, kile kitunda kirefu cha mtambuu ni daka, na chokaa ni kambang. Nilichokuwa sijakipata ni jina la vyote vikikutana kinywani, na sasa hili hapa, lilelile la bibi! Nikaona kasoro moja tu: aliyeandika kasahau herufi ya mwisho. Mwalimu ni mwalimu. Nikaokota kipande cha mkaa, nikaongeza U nzuri, ya kukolea.

Kisha nikajikaribisha. Popoo mbichi zilikuwa zimedondoka chini, mdaka umetambaa kwenye mti wa jirani, na chokaa nilikuwa nayo mfukoni, nimeinunua sokoni Jumamosi niende nayo nyumbani kama zawadi. Bibi popoo yake ilikuwa kavu, ameikata nyembamba kama kucha, na chokaa aliigusa kwa ncha ya kidole akaipaka kwenye jani. Mimi nikatafuna mbichi nzima, nikafuatisha chokaa ya kiasi cha kupaka chumba na sebule. Fizi zikababuka. Mate yakaanza kuja mekundu, mengi, bila breki, mengine yakachagua kupitia kwenye shati langu jeupe.

Wakati huohuo kengele ikagongwa. Kengele yetu ni mtungi mtupu wa gesi unaoning'inia kwenye mwembe, na ukigongwa jioni ni sala, walimu wote mbele. Nikafunga mdomo, nikaenda.

Tuko katikati ya sala, jasho likaanza kunitoka. Halafu sakafu ikapanda kidogo. Ikashuka. Msalaba ukutani ukainama kushoto, ukafikiri, ukainama kulia. Nikajiambia, ndiyo hii sasa, ndiyo waliyonionya, na hakuna anayestuka! Nikafungua mdomo wangu mwekundu nikapiga ukelele:

"GURIA!"

Kanisa lilibaki na mimi na mishumaa. Watoto walitoka kwa milango, wadogo wakapitishwa madirishani, mpishi akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi. Nilipofika uwanjani nikakuta kila kitu kimetulia, minazi imetulia, bahari imetulia. Anayeyumba ni mmoja tu.

Sista mkuu wa shule akanitazama shati, akanitazama mdomo. Akauliza taratibu, "Tisa, yu no lukim tambu?" Hukuona tambu?

Nikajibu kwa fahari, kwa Tok Pisin niliyoiamini, "Mi lukim. Mi kaikai pinis." Nimeiona. Nimeshaila.

Kicheko kilichotoka pale ndicho kilichofanana na tetemeko. Mvulana mmoja alilala kwenye nyasi akishika tumbo. Ilibidi monita anieleze polepole: tambu ni marufuku, usiguse. Mipopoo ile ni ya mzee jirani, ameifungia harusi ya binti yake. Na tambu hiyohiyo ni mkwe. Kwa hiyo mbele ya shule nzima nilikuwa nimetangaza kwamba mkwe nimemwona, na nimeshamla.

Anayekutwa na buai shuleni adhabu yake ni kufyeka wiki moja. Sista hakusema neno, aliinyooshea kidole sarip tu. Nikaichukua.

Jumapili nilimpelekea mzee kina 20, pesa ya kule, na maneno matamu. Hela alipokea, msinielewe vibaya, ila alicheka mpaka akakohoa, na tangu hapo akawa ananiita Tambu, kijiji kizima nacho kikafuata.

Mwaka uliofuata Sista aliwatuma watoto waandike kibao cha mlango wa stoo ya kaukau. Wakarudi nacho kimepakwa rangi nyekundu vizuri kabisa: TAMBUU. Akasema hapana, si hivyo. Wakamjibu kwamba ndivyo kilivyoandikwa mpakani, tena kwa mwandiko wa mwalimu.