Kinundu cha kifundo cha mkono: kukiacha au kukitoa?

Kinundu kikichomoza juu ya kifundo cha mkono, wengi hufikiria saratani kwanza, kisha hutaka kukipasua. Mara nyingi kinundu hicho ni gangilioni, ambayo si saratani wala haigeuki kuwa saratani. Ni kifuko chenye ute mzito kilichochipuka kwenye kiungo au ala ya kano (utando unaofunika kano inayounganisha msuli na mfupa), kikashikamana napo kwa kikonyo chembamba.

Ubishi wote uko kwenye kikonyo hicho. Daktari akinyonya ute kwa sindano, kinundu hulala papo hapo na kovu halibaki. Lakini kikonyo kingalipo, ndiyo maana vingi hujaa upya. Upasuaji hukitoa pamoja na kikonyo, na uwezekano wa kurudi hupungua bila kwisha. Gharama yake ni kovu, mkono kukakamaa kwa wiki kadhaa, na pengine neva ndogo ya ngozi kujeruhiwa. Kinundu kikiwa upande wa kiganja, karibu na pale panapopimwa mapigo ya moyo, ateri iko jirani na hata sindano inahitaji tahadhari kubwa.

Wanaotetea kusubiri wana hoja nzito: takriban nusu ya vinundu hivi hunywea vyenyewe, ingawa huchukua miezi, hata miaka. Kuupumzisha mkono husaidia. Kwa kisichouma, nami nasimama upande huu. Ila kusubiri hakumfai mtu ambaye vidole vinakufa ganzi, au anayeumia kila akiegemea kiganja kuinuka.

Kukiponda kwa kitabu kizito, mbinu ya tangu zamani, sikuoni kuwa na upande wa pili. Kinundu hupotea, mtu akafurahi, kisha kikarudi. Mfupa nao unaweza kuvunjika. Kukitoboa nyumbani ni hatari zaidi, hasa kile kinachoota kidoleni karibu na ukucha: ngozi ni nyembamba, na tundu hilo hufungulia bakteria njia ya kuingia kiungoni.

Lakini hata kusubiri huanza kwa kujua unachokisubiri. Daktari hukimulika kwa tochi. Chenye ute kwa kawaida hupitisha mwanga, uvimbe mgumu hubaki giza. Kukiwa na shaka, hupimwa kwa ultrasaundi. Kinachokua haraka, au chekundu chenye joto, kisingojewe.

Anayekerwa na sura ya mkono wake tu naye asidharauliwe. Aelezwe wazi kwamba kinaweza kurudi, kisha aachwe achague.