Tusajili fundi au tukague jengo?

Karani akisema "mtandao unasumbua", huna la kujibu. Utaketi kwenye benchi au utarudi kesho. Mimi ninayekula kwa kuandika programu hucheka kimoyomoyo, maana mara nyingi mtandao umesingiziwa tu. Nyaya ni nzima, seva iko hewani, ila jina la mteja ni Ng'ang'a, na aliyeandika programu hakukumbuka kwamba ritifaa, ile alama iliyo kwenye ng', ikiingia kwenye hifadhidata, ghala la taarifa za programu, bila kuchungwa hukata katikati amri ya kutunza jina. Kwa watu wenye ng'ombe, ng'ambo na Chang'ombe, huo si usahaulifu wa kuchekea. Ukuta wa jengo ukipata ufa tunajua wa kumwita. Programu ikipata ufa, tunaambiwa mtandao.

Hasira za namna hii ndizo huzaa hoja kwamba waandishi wa programu wasajiliwe kama wanavyosajiliwa wahandisi wa madaraja. Kenya ilifika karibu kabisa. Muswada wa watendaji wa TEHAMA, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, uliibuka mwaka 2016, ukapigwa vita, ukarudi tena, na Juni 2022 Bunge la Taifa likaupitisha. Ulitaka liwepo baraza la kusajili na kutoa leseni kwa wanaofanya kazi hiyo kwa malipo. Rais Uhuru Kenyatta hakuutia saini. Tanzania nayo ina Tume ya TEHAMA inayosajili wataalamu, bila kelele nyingi. Muswada ulikwama, ila hoja haikufa nao. Mfumo mkubwa wa umma ukigoma tu, inainuka.

Wanaotaka usajili wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Jina lenyewe "uhandisi wa programu" lilipata umaarufu Oktoba 1968, kwenye mkutano ulioitishwa na NATO mjini Garmisch, Ujerumani. Walioliweka walitaka kuchokoza. Wakati huo programu kubwa zilichelewa, zilimeza fedha kupita bajeti na zilipofika zilikuwa na kasoro tele, na swali likawa: kwa nini hatuzijengi kama watu wanavyojenga daraja, kwa kupima udongo kwanza, kuchora, kukagua, kisha ndipo magari yapite? Kuandika msimbo, yaani mistari ya maagizo kwa kompyuta, ukafanya kazi kwenye kompyuta yako ni ufundi, na ni ufundi wa heshima. Uhandisi unaanza pale unapoulizwa mambo mengine. Mtumiaji alitaka nini hasa kabla hujaandika mstari wa kwanza? Wakiingia watu elfu kumi kwa mpigo, itakuwaje? Nani alibadilisha nini, na lini? Ukihama kazi, atakayekurithi ataelewa ulichoandika?

Ndiyo maana ubora wa programu hauishii kwenye "inafanya kazi". Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 25010 kilichotolewa mwaka 2011 kiliorodhesha sifa 8 za programu bora, miongoni mwake kutegemeka, ulinzi wa taarifa, wepesi wa kutumia na urahisi wa kuifanyia marekebisho. Toleo la 2023 lina sifa 9. Iliyoongezwa ni kutohatarisha maisha na mali za watu. Nilipoiona mara ya kwanza nilijiuliza kama hapo kabla ilidhaniwa kuwa jambo hilo linajulikana tu, kama chumvi kwenye mboga.

Halikujulikana. Kati ya 1985 na 1987 mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa na kampuni ya Kanada, iliwapiga wagonjwa sita mionzi kupita kiasi cha kutisha, na angalau watatu wakafa. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya vyuma na umeme. Mionzi isingetoka kama mambo hayajakaa sawa. Kwenye hii mpya vizuizi hivyo viliondolewa, kazi ikaachiwa programu. Kasoro mojawapo ilijitokeza pale tu mwendeshaji alipokosea aina ya mionzi kwenye skrini akasahihisha haraka, ndani ya sekunde 8 hivi. Wakati wa majaribio watu huandika polepole. Mwendeshaji aliyeizoea kazi yake vidole vilikuwa vyepesi, na wepesi huo ndio uliofungua mlango. Skrini ikasema "hitilafu 54", maneno yasiyomwambia kitu, naye akabonyeza kuendelea. Ukimsimulia mtu kisa hiki halafu ukamwambia kuwa programu ile kwa sehemu kubwa iliandikwa na mtu mmoja, atakuuliza mwenyewe: huyo mtu alikuwa na leseni?

Upande wa pili nao usidharauliwe. Vijana wengi ninaowajua wanaoandika programu nzuri walijifunza kwa simu, usiku, kwa bando la kujinyima. Ukiweka baraza lenye ada na vyeti mlangoni, wa kwanza kubaki nje ni hao, na wa kwanza kuingia ni wenye vyeti visivyokuwa na kazi nyuma yake. Tunavijua vyombo vya usajili ambavyo kazi yake inayoonekana ni kukusanya ada ya mwaka.

Tena, leseni ilishajaribiwa kwingine. Marekani walianzisha mtihani wa uhandisi wa programu kwa wanaotaka kusajiliwa kuwa wahandisi kamili mwaka 2013. Ulifutwa baada ya Aprili 2019, na katika mara zote tano ulipofanyika waliokuwa wameufanya ni watu 81. Katika nchi yenye waandishi wa programu kwa mamilioni! Inaonekana waajiri hawakuwa wakiuuliza.

Vyeti navyo havizuii kasoro. Roketi ya Ariane 5 ilipaa kwa mara ya kwanza Juni 4, 1996 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikapoteza mwelekeo na kusambaratika angani baada ya sekunde kama 40. Waliotengeneza programu zake hawakuwa vijana wa mtaani. Sehemu ya programu ilichukuliwa kama ilivyo kutoka Ariane 4, roketi ya polepole zaidi. Namba iliyobeba kasi ya upande ikawa kubwa kuliko nafasi ya biti 16, yaani tarakimu 16 za 0 na 1, iliyotengewa, kompyuta ya usukani ikazima, na ya akiba ikazima vilevile kwa kuwa ilikuwa na programu ileile. Kichekesho ni kwamba hesabu hiyo haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka ardhini. Nyumbani pia tuna ushahidi wa uchungu zaidi: Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa sheria ya 1997, na bado Machi 29, 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36.

Hapo ndipo ninapoona pande zote mbili zimemkazia macho mtu mmoja, yule aliyekaa mbele ya kompyuta. Mmoja anataka amkague vyeti, mwingine anataka aachwe apumue. Lakini hata kwenye ujenzi hatufanyi hivyo. Ukijenga banda la kuku, hakuna anayekuuliza fundi wako alisoma wapi. Ukijenga ghorofa, kibali kinatakiwa, michoro inatakiwa, na mkaguzi anatakiwa kufika kwenye msingi kabla zege halijamwagwa. Masharti yanapanda pamoja na jengo, maana likianguka litamwangukia asiyelijenga.

Programu nazo zina urefu wake, hata kama hauonekani kwa macho. Mimi huupima kwa swali moja: anayeumizwa na kosa ana njia ya kulikwepa? Nikichoka na programu ya kuhariri picha, naifuta. Mpiga kura hawezi kuchagua programu itakayohesabu kura yake. Mwaka 2013 Kenya iliingia kwenye uchaguzi na mfumo wa kurusha matokeo ambao ulielemewa mapema. Kwenye ubao wa matokeo, kura zilizokataliwa zilipanda hadi zaidi ya 300,000, na mwenyekiti wa tume ya uchaguzi akaja kueleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha mara 8. Hesabu ya mwisho, iliyofanywa kwa fomu na mikono, ilikuta 108,975. Fikiri idadi ya watu walioziangalia zile namba usiku kucha wakiwa na redio masikioni. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamuru seva zifunguliwe zikaguliwe, tume haikutekeleza ipasavyo, na Septemba 1 matokeo ya urais yakabatilishwa. Mwaka 2022 tume iliweka fomu za vituo, zaidi ya 46,000, kwenye tovuti iliyo wazi, na mwenye bando na kikokotoo akajumlisha mwenyewe. Ugomvi haukwisha, ulifika mahakamani tena. Ila safari hii aliyesema hesabu ni mbovu aliweza kuulizwa: fomu ipi? Na hapakuhitajika leseni ya mtu yeyote ili swali hilo liwezekane.

Kisa kilichonifanya niache kuamini kwamba tatizo ni mwandishi wa programu ni cha Uingereza. Kuanzia 1999, Posta ya huko ilisambaza kwenye matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ambayo leo ni sehemu ya Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambazo hazikupotea. Wenye matawi, wengi wao watu wa vijijini wenye duka na dirisha la posta, waliambiwa walipe kutoka mfukoni. Wasioweza wakashtakiwa kwa wizi na kughushi hesabu. Hadi 2015, watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walijiua. Kwa miaka Posta ilishikilia kwamba hakuna mtu wa mbali anayeweza kugusa hesabu za tawi, na haikuwa kweli: wafanyakazi wa Fujitsu waliweza. Jaji alisema wazi kuhusu kasoro za mfumo Desemba 2019, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo.

Kasoro zenyewe za Horizon ni za kawaida. Kila aliyewahi kuandika mfumo wa malipo anazijua ndugu zake. Zikawa msiba kwa sababu ya kilichozizunguka. Sheria ya huko ya 1984 ilimtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta aonyeshe kwamba mashine ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sharti hilo lilifutwa kwa sheria ya 1999, na tangu hapo mahakama huanza kwa kudhani mashine iko sawa mpaka anayebisha aonyeshe vinginevyo. Mwenye duka la kijijini ataonyesha nini, na kumbukumbu za mfumo ziko kwa anayemshtaki? Ungewapa waandishi wote wa Horizon leseni na mihuri, hukumu zile zingetoka vilevile.

Kwa hiyo mimi ningeacha vijana wajenge mabanda yao bila kuombwa kadi, na ningekuwa mkali kwenye maghorofa: mifumo ya kura, hospitali, mishahara, mafao, ardhi. Huko mkaguzi asiyelipwa na aliyeuza mfumo aingie kabla haujawashwa. Kila badiliko liache alama isiyofutika. Anayelalamika apewe kumbukumbu zinazomhusu. Na mfumo ukianguka, taarifa ya chanzo itoke hadharani. Ripoti ya Ariane 5 ilitoka Julai 1996, chini ya siku 50 baada ya ajali, na ndiyo sababu hata mimi niliyeko mbali na Kourou najua habari za zile biti 16. Taarifa kama hizo za mifumo yetu ya umma ziko wapi? Najua ukaguzi ni ghali. Najua pia zabuni ya ukaguzi inaweza kupewa shemeji. Hiyo hatari naiona ni ndogo kuliko ya kadi ya uanachama ambayo kila mtu atakuwa nayo na haitasimamisha chochote.

Kipimo changu cha urefu kina tundu, na nalijua kwa kuwa niliwahi kutumbukia humo. Nikiwa bado mchanga kazini niliandikia kikoba kimoja programu ya mikopo. Banda la kuku kabisa. Mkopo uliotolewa Januari 31, programu ilipoongeza mwezi mmoja ilitafuta Februari 31, ikaikosa, ikasogea hadi Machi 3. Rejesho la pili likaangukia Machi 31. Februari kuna wanachama walikuja na hela mkononi, wakaambiwa hawadaiwi, kompyuta imesema. Machi wakadaiwa mara mbili, na sita wakashindwa wakapigwa faini ya shilingi 5,000. Watano walilipa kimya. Shahada ninayo, imetundikwa ukutani. Jaribio moja tu la tarehe 31 lingenisaidia kuliko hiyo.

Wa sita ndiye aliyebisha, nikaliona kosa, nikamwomba mhazini arudishe fedha za watu. Zikarudi. Mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga, mmoja wa wale watano, akaikunja noti yake, akanigeukia.

"Mwanangu, na ile ya mwaka jana je? Nayo nilikopa mwishoni mwa Januari hivihivi."

Nilifungua hifadhidata palepale. Programu yangu ilikuwa ikiandika mkopo mpya juu ya ule wa zamani. Ya mwaka jana haikuwepo.