Nimekuwa Karani wa Serikali na Mshahara Sioni

Jamani mimi nina hoteli ndogo hapa Langoni, Lamu, meza tano, na ya tano yenyewe mguu mmoja mfupi tumeutilia kipande cha boksi. Asubuhi mahamri na mbaazi, mchana wali na samaki wa nazi, jioni viazi vya karai, basi. Wafanyakazi wawili tu, kijana wa karai na mama wa jikoni. Lakini nione tarehe 8 usiku vile nimejikunja na laptop na miwani ya marehemu baba, utadhani mimi ndio naendesha ile bandari mpya ya Kililana.

Zamani kulipa mshahara ilikuwa raha wallahi. Unamwita kijana pembeni, unamtilia mkononi, unamwambia hesabu, anasema sina haja bosi, anakwenda kuhesabu nyuma ya mlango, yamekwisha. Saa hizi ni karatasi. Kijana wangu analipwa elfu 20, haya tukate: SHA, ile bima ya afya, asilimia 2.75, hiyo 550. Ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, hiyo 300. NSSF, ile akiba ya uzeeni, asilimia 6, hiyo 1,200, na mimi nakumbuka NSSF ilikuwa 200 tu kabla ya 2023, mia mbili, hela ya chai na mahamri. Jumla 2,050. Kijana akaishika ile karatasi akaigeuza huku na huku kama anakagua samaki wa juzi.

"Bosi, hii elfu mbili na hamsini umeipeleka wapi?"

Nikamwambia serikalini. Akasema mimi niko hapa kwa karai kutoka alfajiri, sijaiona serikali ikipita.

Basi nikamweleza kwa upole, mwanangu, hata mimi nalipa, ukikatwa 300 ya nyumba nami natoa 300 yangu, ukikatwa 1,200 ya NSSF nami 1,200, na juu yake kuna 50 kwa kila kichwa kila mwezi ya mafunzo ya viwandani. Akaniuliza kiwanda gani. Nikaangalia karai, karai likaniangalia.

Na nisiwe muongo, ile ya afya kwake imeshuka. Wakati wa NHIF, ile bima ya zamani, mtu wa elfu 20 alikuwa akikatwa 750, ilipoingia SHA Oktoba 2024 ikawa 550. Nilipomwambia amepunguziwa mia mbili hakuamini, alidhani namfunika kwa maneno matamu nimkate pengine. Ukiona mtu anakataa habari njema jua ameshaumwa sana.

Ile ya nyumba ndio imemkaa rohoni. Anaishi kwa mamake, nyumba ya mawe ya babu yao, chumba kimoja wanalala ndugu watatu. Kila mwisho wa mwezi ananiuliza, bosi, kwa hizi nilizotoa mpaka sasa si nimefikisha hata mlango? Namwambia haiendi hivyo, zile nyumba za bei nafuu unaomba na unalipia tena. Akanyamaza, halafu akasema, basi wanikatie mlango tu, wa nakshi, niuweke kwetu.

Mimi mwenyewe kwa vile sina wa kuniajiri, SHA yangu nilijazishwa maswali kwa simu ili wajue uwezo wangu. Ukuta wa nini? Mawe ya matumbawe. Hilo jibu halikuwepo, nikachagua mawe basi. Nadhani pale pale walishaniweka na matajiri, kumbe ule ukuta una miaka kuliko Kenya yenyewe na ukiuegemea unakuachia chokaa mgongoni.

Haya, tuje kwa risiti. Mhasibu wangu, yule kijana wa saiba, alinambia ami, tangu Januari 2024 gharama isiyo na risiti ya eTIMS, ile ya kodi ya mtandaoni, haihesabiki, na kwa vile nalipa kodi ya faida, sio ile ya asilimia 3 ya mauzo, nikinunua samaki wa elfu nane bila risiti basi mbele ya kodi sikununua samaki. Wale kolekole waliingia jikoni wenyewe kwa miguu.

Kesho yake nikateremka ufukweni. Mzee nahodha ndio anashusha, kanzu ameikunja kiunoni, mikono magamba mpaka kwenye viwiko. Nikamsalimu, tukapatana bei, nikalipa, halafu nikasema kwa adabu zangu zote, mzee, naomba risiti ya eTIMS. Akasema ya nani? Nikasema ya kodi, ya mtandaoni, hata simu ya mulika mwizi inafanya, unabonyeza *222# tu. Akaniangalia. Sijui nilieleze vipi lile jicho, ni jicho la mtu aliyelala baharini na upepo wa kusi siku mbili halafu anaulizwa nambari ya PIN ya kodi. Akamwambia mjukuu wake, "Mpe changu mmoja wa bure, huyu ana ndaa."

Nilimchukua yule changu, siwezi kudanganya.

Nikarudi kwa mhasibu, akasema usijali, sheria siku hizi inakuruhusu mnunuzi utoe risiti mwenyewe kwa niaba ya muuzaji mdogo. Yaani sasa nakata mshahara wa mtu naupeleka, najitoza mwenyewe napeleka, na risiti ya nahodha naandika mimi pia. Imebaki niende baharini. Na mwenye punda anayenibebea unga kutoka jeti sijamgusa bado, yule naye nikimuuliza PIN ataniambia muulize punda.

Basi juzi tarehe 9, siku ya mwisho ya kupeleka makato, niko barazani saa tano usiku maana ndani mtandao haushiki, ule mduara unazunguka tu, unazunguka, nami nalaani kila aliyewahi kutunga sheria. Kijana akaniletea chai ya tangawizi, akakaa kando yangu, akatoa simu.

"Bosi, nimejiunga na ile ya NSSF, unaona michango yako mwenyewe."

Nikamwambia mashallah, vizuri, ndio maendeleo.

"Lakini mwezi wa pili haupo."

Nikakunywa chai. Nikasema mtandao ulikuwa chini. Hakusema kitu, aliniangalia tu, na lile jicho nililijua, nililiona kwa nahodha.