Sindano ya goti imebebeshwa kesi ya sindano nyingine

Hapa Dodoma ukimpeleka mbwa wa ulinzi kachanika ligamenti ya goti (ule ukanda unaofunga mifupa ya goti isiteleze), daktari wa mifugo akigusia tu sindano ya ndani ya goti, wenye mbwa wanaruka: hiyo inakula goti! Na hawajaokota hewani. Mwaka 2017 ulitoka utafiti Marekani, wagonjwa 140, watu sio mbwa, magoti yameshasagika, nusu wakachomwa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya goti kila miezi 3 kwa miaka 2 na nusu wakachomwa maji ya chumvi. Wa steroidi walipoteza unene wa gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, 0.21 mm, wenzao 0.10, na maumivu hayakutofautiana.

Sasa hiyo namba ndo inanikera inavyotumika. Ni sindano kama 8, kwenye goti la zamani. Ligamenti ikichanika leo mambo ni mengine kabisa, goti linajaa damu na uvimbe, vimeng'enya vya mwili wenyewe vinaanza kukatakata kolajeni, zile nyuzi zinazoshikilia gegedu, na gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu kwa hiyo linaliwa bila mnyama kusikia chochote pale. Hata ute wa ndani ya goti unabadilika. Ute wa goti lisiloumia ukiuvuta kwa bomba la sindano unanyumbuka kama mlenda, wa goti lililoumia unatoka mwepesi, mara nyingi na damu. Ndo maana kwenye panya waliokatwa ligamenti, kuchomwa lubrisini, ile protini inayolainisha goti, kulipunguza uharibifu wa gegedu, na kwenye nguruwe wadogo wa maabara steroidi ya mapema ilituliza uvimbe. Mapema, jamani, sio kila miezi 3.

Ila wanaopinga wana hoja moja nzito. Panya wa maabara kakatwa kwa kisu, saa inajulikana. Mbwa wa nyumbani ligamenti yake mara nyingi inachakaa polepole, siku anayochechemea uharibifu ulishaanza kitambo. Halafu sindano haikazi goti lililolegea, dawa ikiisha mifupa inaendelea kusagana, na ukichoma bila kunyoa manyoya na kusafisha ngozi unaweza kuingiza usaha humo ndani (hilo ni balaa kuliko ligamenti yenyewe).

Mbwa kagongwa na bodaboda jana, leo yuko kliniki, hapo ningemsikiliza daktari akitaja sindano moja, huku upasuaji ukipangwa. Anayechechemea tangu mavuno, mwenye mbwa akikataa simlaumu.