Mkurugenzi ndani ya koti

Jamani, kwa mliopata ile sauti inayozunguka kwenye magrupu, eti kwenye maombolezo ya ofisini nilimsonya marehemu na nikatoa joka kwenye koti: sikumsonya marehemu. Narudia, si-ku-m-so-nya. Wala sikutoa joka kwenye koti. Aliyeirekodi ile sauti ni mshikaji wangu, tunakaa nyumba moja na tunafanya kazi ofisi moja. Amesimulia kwa ufundi, hilo siwezi kumnyima, ila kuna kipande amekiruka, na ndicho kinachomhusu yeye. Tutakifikia.

Mnaonifahamu mnajua nafuga mende. Wageni karibuni, kaeni, acheni kutema mate. Si hawa wenzetu wa nyuma ya kabati. Hawa asili yao ni Madagaska, kitaalamu Gromphadorhina portentosa. Hawana mabawa hata wakizeeka, hawang'ati, hawana haraka, na ukiwatunza vizuri unakaa nao miaka 2 mpaka 5. Dume aliyekomaa anaweza kufika sentimita 7, na juu ya kifua ana vinundu viwili ambavyo sisi wafugaji tunaviita pembe. Nimewaweka kwenye tangi la kioo, ndani nimewapangia trei za mayai wajifiche mchana, karoti zipo, maji yapo, na kwenye ukingo wa juu wa kioo napaka mafuta ya mgando. Bila hayo mafuta umekwisha. Nyayo zao zinapanda kioo kikavu bila wasiwasi wowote.

Sasa sauti. Panzi akitaka kupiga kelele anasugua mguu kwenye bawa. Huyu wangu anatumia pumzi. Tumboni ana matundu ya kupumulia, na kwenye pingili ya nne kuna jozi ambayo anaisukumia hewa kwa nguvu zake zote. Kinachotoka ni tssssss moja ndefu, yenye dharau. Ukiisikia umefumba macho utaapa kuna shangazi ya mtu amekuona umevaa soksi mbili tofauti. Anaitoa akibanwa, anaitoa akigombana na dume mwenzake, hata akimbembeleza jike anaitoa, ila ya jike ina adabu kidogo.

Dume langu kubwa lina jiwe lake. Ndivyo walivyo: dume hukamata sehemu, hukaa hapo, na dume mwingine akisogea anapigwa kichwa na zile pembe mpaka aondoke. Kwa tabia hiyo nikampa jina. Nikamwita Mkurugenzi.

Naomba mnielewe hapa. Wakati nampa hilo jina, mkurugenzi wetu wa ofisini alikuwa hai, mzima, ana sauti, na alikuwa ametoka kuninyima likizo. Lilikuwa jina la nyumbani, baina yangu, mende na yule mshikaji. Halafu mzee akastaafu. Halafu, juzi juzi, mzee akafariki. Mende akabaki na cheo.

Ofisi ikaandaa kikao kifupi cha maombolezo ukumbini. Maneno mawili matatu, dakika moja ya ukimya, kusaini kitabu cha rambirambi, watu watawanyike. Mdogo wake marehemu alikuja kuiwakilisha familia, mzee mpole, fimbo mkononi, akakaa mstari wa mbele. Mimi nikakaa mstari wa pili, nyuma yake kabisa, kwa makusudi. Ugomvi wetu wa likizo kila mtu aliujua, mpaka mlinzi wa getini. Nilitaka nionekane nimekuja, nimevaa koti jeusi, nina huzuni.

Koti sasa. Lilikuwa limelala kwenye kiti, pembeni ya tangi. Na usiku ule mshikaji alimleta mchumba wake nyumbani amwonyeshe mende, maana ana imani kwamba mwanamke akishtuka atamkumbatia. (Hakumkumbatia. Alienda kusimama nje.) Katika hayo maonyesho akatoa trei ya mayai kutoka kwenye tangi, akaiweka juu ya kiti, yaani juu ya koti langu, akaenda kumbembeleza mtu wake huko nje. Aliporudi akairudisha trei, akafunga mfuniko, akanawa, akalala. Hicho ndicho kipande anachokiruka. Trei ilirudi. Mkurugenzi hakurudi.

Hawa wadudu wanapenda giza na mahali pembamba, pa kuwabana juu na chini. Mfuko wa ndani wa koti una sifa zote. Tena mchana ndio usiku wao, kwa hiyo nililivaa koti asubuhi, nikapanda gari, nikakaa kwenye kikao, na mwenzangu kalala fofofo juu ya moyo wangu.

"Tusimame kwa dakika moja ya ukimya."

Tukasimama. Ukumbi mzima ukatulia, feni tu ndiyo ilikuwa inazunguka. Nikainamisha kichwa. Nikafunga mikono kifuani, kwa heshima. Mkono wa kushoto ukaukandamiza mfuko.

Tssssssssss.

Jamani. Naapa, nilikasirika. Nilikasirika kwa niaba ya marehemu! Nikajisemea, pamoja na yote aliyonifanyia yule mzee, kweli kuna mtu hana adabu kiasi cha kumsonya kwenye ukimya wake? Nikainua kichwa nimtafute huyo mtu. Kushoto, mama mhasibu ananitazama. Kulia, kijana wa stoo ananitazama. Mbele, shingo ya mdogo wa marehemu imekakamaa.

Mimi aibu ikinishika najikunyata. Nikajikunyata. Mkono ukabana zaidi.

TSSSSSSSSSSS.

Hii ya pili niliitambua. Naisikia kila usiku nikibadilisha maji. Nikahisi tumbo limeshuka mpaka kwenye viatu. Pale kichwani zilikuja njia mbili tu: niendelee kuonekana mtu anayemsonya marehemu, au niingize mkono kwenye koti, mbele ya wafiwa, nitoe mende wa sentimita 7. Ninyi mngechagua ipi? Mimi nilichagua kuachia mikono taratibu, maana asipobanwa hana sababu ya kusema kitu. Elimu ya ufugaji hiyo. Na kweli, akanyamaza.

Ila alikuwa ameshaamka.

Mguu wake una miiba midogo, na mwisho wa mguu kuna kucha mbili za kujishikilia. Juu ya shati jepesi, kila hatua unaijua. Akatoka mfukoni. Akasimama. Nikamhisi anafikiri. Akaanza kupanda. Mbavu. Kifungo cha tatu. Akapumzika kwenye kifungo cha pili, sijui kwa nini, hakuna alichokuwa anakikimbilia. Jasho likanitoka kwenye paji la uso, na hapo ndipo watu walipoanza kusema kumbe nimeguswa na msiba. Mshereheshaji anatazama saa. Hiyo dakika, ndugu zangu, ilikuwa na sekunde zaidi ya 60, mtu asinidanganye.

Papasi, zile nywele mbili ndefu za kichwani, zikatangulia. Zikatokeza chini ya fundo la tai, moja kulia, moja kushoto, zinapima hewa ya ukumbi. Mama mhasibu aliziona wa kwanza. Yule mama ni mtu wa mahesabu, hapigi kelele ovyo. Akaninong'oneza bila kugeuza shingo:

"Baba, una kitu."

"Najua, mama."

"Kina pembe."

"Najua, mama."

Akasogea hatua moja pembeni. Hakusema kingine.

Mkurugenzi akamaliza kutoka. Akakaa juu ya tai, kichwa chini, amewaelekea wajumbe. Mshereheshaji akasema, "Asanteni, tukae." Watu wakakaa, mimi nikakaa, na katika kule kukaa tai ikajikunja, akadondoka. Alivyodondoka ilisikika. Huyu mdudu ana uzito. Akatua chali, akajipindua, akashika njia chini ya kiti cha mbele yangu, yaani cha nani? Cha mdogo wa marehemu.

Nyuma yangu dereva akaona. Dereva ni mtu wa vitendo. Nikasikia kiatu kinavuliwa. Nikageuka, kiatu kiko juu, mkono umenyooka, na mimi mwenzenu, badala ya kukaa kimya mambo yaishe na mende aishe, nikajirusha kwenye sakafu na kupiga ukelele kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo:

"Msimuue! Msimuue Mkurugenzi!"

Ukimya uliofuata ulikuwa bora kuliko ule rasmi.

Niko chini. Magoti sakafuni, kichwa chini ya kiti, nimemshika Mkurugenzi ubavuni kwa vidole viwili kama inavyotakiwa, yeye anatoa tssss bila kupumzika, na mbele ya pua yangu kuna fimbo na viatu viwili vilivyopigwa rangi. Viatu vikageuka. Mzee akainama, akanitazama. Huko nyuma ya ukumbi nilimwona mshikaji anateremka kwenye kiti polepole mpaka akabaki kichwa tu.

"Umesema anaitwa nani, kijana?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angejibu kitu kingine. Majina yapo mengi duniani.

"Mkurugenzi, shikamoo mzee."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Ana jiwe lake, mzee. Amelikalia. Hataki mtu alisogelee."

Mzee akamtazama mende. Mende akamtazama mzee, au tuseme papasi zilielekea huko.

"Na ukimwomba kitu?"

Nikameza mate. "Anasonya, mzee."

Mzee akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kaa, mwanangu," akachukua ile karatasi ya ratiba yenye picha ya kaka yake, akajifunika nayo uso. Mabega yakawa yanatikisika. Alikuwa analia au vipi, sikuthubutu kuchungulia, na wanaosema wanajua walikuwa nyuma huko hawakuona kitu.

Yaliyofuata ni ya kawaida. Nilitokea mlango wa pembeni na mende kwenye bahasha ya rambirambi. Nimetakiwa niandike barua ya kujieleza, nimeandika, kurasa mbili, na mchoro wa matundu ya kupumulia nimeambatanisha ili ieleweke pumzi ilitoka kwa nani. Afisa utumishi amejibu kwamba mchoro haukuhitajika. Dereva hanisalimii, anasema nilimdhalilisha. Mshikaji anadai trei hakuigusa, mchumba wake anasema aliigusa, wako kwenye mazungumzo. Mkurugenzi amepungua ncha ya papasi moja, vinginevyo mzima, yuko juu ya jiwe.

Na wale mnaonitumia picha za nyoka, acheni. Nimeshasema ni mende.

Ah, mama mhasibu. Juzi alinifuata kwenye korido, akatazama huku na huku, akauliza kama wanazaliana. Nikamwambia wanazaliana sana: jike hatagi akaenda zake, kifuko cha mayai anakihifadhi mwilini mwake mpaka watoto watoke hai, na wanatoka kwa makumi, weupe pee, baada ya saa chache ndiyo wanaiva rangi. Ninao hivi sasa, wamejaa kwenye trei ya chini. Anataka wanne kwa ajili ya mwanawe. Nimemwambia aje na chombo chenye mfuniko na matundu ya hewa, mafuta ya mgando nitampa, na majina awape mwenyewe, mimi sitaki hata kuyajua.