Usimsogeze Nahodha kwa Bakshishi

Kusi likivuma, buabua, ndege wa baharini, hupanda juu ya Whale Island kutaga. Ni lile jabali la matumbawe lililo mlangoni mwa hori ya Mida, Watamu, pwani ya Kenya, ambalo kwa mbali kweli lina mgongo wa nyangumi. Boti nyingi hupita karibu nalo zikipeleka wageni kuona samaki wa hifadhi ya bahari, iliyotengwa tangu 1968, na siku hizi karibu kila abiria ana kamera. Hapo ndipo utasikia: "Nahodha, sogea kidogo tu, nitakuona tukirudi."

Naomba tuache maneno hayo.

Buabua hajengi kiota cha kujificha. Wale wenye kifua chenye wekundu wa mbali kama waridi hutaga yai moja au mawili, mara nyingi juu ya mwamba mtupu. Wenzao wa mgongo wa kahawia, wenye mstari mweupe juu ya jicho, hutaga yai moja tu, mara nyingi chini ya ukingo wa jiwe. Mzazi anapokaa juu ya yai saa tano mchana, kazi yake kubwa si kulipasha joto, ni kulikinga na jua. Kifaranga naye ana manyoya laini yenye rangi ya jiwe, na hana uwezo wa kukimbilia kivuli cha mbali. Mzazi akitimuliwa, dakika chache za jua kali zinatosha kumuua kifaranga. Na kunguru wa Bara Hindi, ambao wameijaza pwani yetu yote, wanajua vizuri sana kiota kilichoachwa wazi.

Kwa hiyo ile picha ya kundi zima limeruka, mbawa zimejaa anga, ambayo watu huisifu sana mitandaoni, mimi siipendi. Mara nyingi ni picha ya ndege waliofukuzwa. Ukiona vichwa vinainuka vyote kwa pamoja na kelele zinaanza, boti imeshapita mpaka. Mwambie nahodha arudi nyuma polepole, asiwashe injini kwa kishindo.

Picha nzuri zaidi hupatikana kwa mbali, na sisemi hivyo kwa kujifariji. Tumia lenzi ya milimita 400, spidi ya shata ya sehemu 1 kwa 2,000 ya sekunde au kasi zaidi kwa sababu boti haitulii, kaa chini katikati ya chombo, jua likiwa mgongoni mwako. Punguza mwanga kidogo, maana weupe wa buabua huungua upesi pichani. Kisha subiri. Mzazi atatoka baharini na samaki mwembamba amekaa kwa upande mdomoni, atazunguka mara moja, atatua. Kifaranga uliyedhani ni kokoto atasimama na kufungua kinywa chekundu. Samaki atamezwa kuanzia kichwani, wakati mwingine mkia ukibaki nje kwa muda. Tukio hilo huwezi kulipata ukiwa umewatia hofu.

Wavuvi wetu wanawathamini ndege hawa. Buabua wakijitupa majini kwa wingi, mvuvi hugeuza ngalawa huko, akijua jodari wako chini wanawasukuma dagaa juu. Anayeishi kwa kuwasoma ndege hahitaji kufundishwa adabu nao. Nahodha husogea kwa sababu abiria analipa, na nyumbani kuna ada na unga. Simlaumu. Lawama naiweka kwetu tulioshika kamera na pochi.

Mimi makubaliano na nahodha nayafanya ufukweni kabla ya kupanda: hatushuki jabalini, haturushi droni, na tukifika injini inazimwa mapema. Bakshishi naitaja hapo hapo, na namwambia wazi kwamba ni ya kukaa mbali.